Konteri ya Patron Clovis

Asubuhi, kabla jua halijachoma mabati ya garaji, Muzaliwa, fundi wa magari wa Kabambare, alijilaza chini ya Land Cruiser ya Patron Clovis akafungua kebo ya mwendo kwenye sanduku la gia. Kebo ilitoka na damu. Akaifuta, kisha akaomba kitambaa kingine, maana kimoja hakikutosha.

Clovis hununua dhahabu Salamabila na hutembea na walinzi wawili wenye bunduki. Shida yake ilikuwa konteri, ile saa ya kupimia mwendo: mshale umeganda kwenye sitini, gari liende au lisimame. Uliganda siku ya kilio kimoja kijijini Lusangi. Huku kwetu, mtu akifiwa, matawi ya mchikichi hulazwa barabarani ili magari yapite polepole. Clovis hakupunguza. Alipita juu ya matawi na juu ya Josué, kijana aliyekuwa akiyapanga kwa ajili ya kilio cha baba yake, akamburuta mpaka kanisani. Clovis aliwaambia polisi alikuwa kwa mwendo wa ishirini tu, na kijana alikuwa amelewa. Wakamshukuru kwa kufika. Ushenzi mtupu, lakini ndio hivyo.

Sasa alitaka konteri ya umeme. Chuma kizee kinadanganya, alisema.

Mama Josué alikuwa amelifuata gari kwa pikipiki, akakaa mlangoni mwa garaji. Mbuzi aliyeletewa na Clovis wa kumfuta machozi alikwisha kumrudisha.

"Aseme tu mbele ya watu alikuwa kwa ngapi," alimwambia Muzaliwa. "Mutoto yangu hakukuwa mulevi."

Muzaliwa alifunga kapteri, kile kidude kinachohesabu mizunguko ya gia, akapitisha waya mpaka mbele ya usukani, akakaza konteri mpya. Kabla hajaunga betri, mshale ulipanda wenyewe mpaka sitini, ukatulia.

"Tengeneza," Clovis alisema.

"Patron, umeme haujafika bado. Iko inasema tu mambo ya ile ya zamani."

Walinzi waliuweka mkono wa Muzaliwa juu ya ringi ya gurudumu, wakavigonga vidole kwa spana kubwa, kimoja baada ya kingine, mpaka vikalegea. Mama Josué aliinuka kuwazuia. Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, halafu mbavuni, na alipoanguka wakaendelea. Majirani walitazama mshale. Haukutikisika.

Clovis aliuzoea, mtu huzoea. Akawa anaitundika kofia yake juu ya konteri.

Mama Josué hakumaliza wiki. Ndugu zake walimzika Lusangi kando ya mwanawe, wakalaza matawi barabarani. Jioni Land Cruiser ikatokea upande wa Salamabila. Watu walikuwa wamekwisha kujifunza, wakarukia mtaroni mapema. Gari lilipita juu ya matawi, kofia ikadondoka, na mshale ulikuwa kwenye sitini. Kwa mara ya pili, ulikuwa sahihi.