Nyumba Inasema Kinyozi

Baba wa mchumba wangu anasimamia barua pepe za ofisi kubwa, na kazi hiyo imemwingia mpaka kwenye mifupa. Seva yoyote, yaani kompyuta inayosambaza barua hizo, ikimtumia barua, anahakiki mara mbili: jina hili lina namba gani, na namba hiyo ukiiuliza inataja jina gani? Majibu yasipolingana, barua inarudi ilikotoka. Nilidhani ukali huo anauacha ofisini. Wapi!

Nilipopeleka posa, hakuniuliza kazi wala ukoo. Alikuja mtaani kwetu, akataja jina langu, akaonyeshwa nyumba ninayopanga. Akabisha hodi.

"Chumba cha nyuma anakaa nani?"

"Kinyozi," alijibu mama mwenye nyumba.

Mimi ni fundi wa seva, sijawahi kunyoa hata mbuzi. Kinyozi ni mpangaji aliyehama kabla yangu.

"Jina linanileta kwenye nyumba, nyumba inanipa mtu mwingine," mzee aliniambia. "Samahani kijana, siwezi kukupokea."

Nikaandika jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu. Nikaliandika dirishani, nikaliandika hadi kwenye ndoo. Mzee alirudi, hakutazama mlango wala ndoo, akamuuliza mama. Kinyozi. Hili ndilo kosa ninalowacheka wateja wangu kila siku: jina ni lako, lielekeze utakako, lakini namba ya seva ni ya aliyekupangisha, na yeye ndiye husema ni ya nani.

Nikamwendea mama mwenye nyumba, akichambua mboga uani.

"Mama, naomba ukiulizwa utaje jina langu."

"Mwanangu, wapangaji wanakuja na kuondoka. Nikianza kubadilisha majina kila mtu akihama, si nitachanganyikiwa?"

Nilimweleza mchumba wangu nikiwa karibu kulia. Yeye ana kichwa cha baba yake.

"Seva ingekuwa hivi ungefanyaje?"

"Ningeipa jina ambalo namba yake inalitaja."

"Basi jiite Kinyozi, tuoane."

Nilinuna kutwa nzima. Kesho yake nikapita duka kwa duka nikiwaambia watu mimi ni Kinyozi, na hakuna aliyeshangaa.

Mzee akaja mara ya mwisho. Alimuulizia Kinyozi mtaani, akaletwa kwetu. Alimuuliza mama, akaambiwa Kinyozi. Kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. Kisha akavuta kigoda, akavua kofia, akakaa.

"Majina yanalingana. Sasa tuone kama huduma ipo. Punguza pembeni, juu usiguse."

Mama mwenye nyumba akaleta mkasi wenye kutu. "Huu hapa, ulikuwa umeusahau."

Pembeni nilipunguza, na juu nikagusa, tena sana. Mzee alijitazama kwenye kioo.

"Mbaya," alisema, akivaa kofia. "Lakini imetoka mahali panapojulikana. Walete wazazi wako. Ila uwaambie mapema unaitwa nani."