Bao la Nne la Thurein

Mdogo wangu Thurein Maw aliichezea timu ya taifa ya Myanmar mara kumi na moja, akafunga mabao manne. Matatu ya kwanza mtaa wetu wa Mawlamyine uliyashangilia kwa kupiga masufuria. La nne nilikaa muda mrefu bila kulisimulia, maana alilifunga kwa sababu yangu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati. Mama yetu, Daw Mya Khine, anauza mohinga asubuhi, tambi za mchuzi wa kambale, kwenye kona ya barabara. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo aliyemfundisha Thurein mpira ni jirani yetu wa mbele, fundi baiskeli U Ba Nyunt. Sisi tulimwita Mjomba. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zwe, wa rika la Thurein. Jioni alimsimamisha Zwe katikati ya matairi mawili, halafu akamgeukia Thurein.

"Piga, mvivu wewe! Hilo ni shuti au unawarushia njiwa mahindi?"

Zwe akidaka, Mjomba alicheka. Zwe akifungwa, alicheka zaidi. Thurein alipoitwa timu ya taifa akiwa na miaka ishirini, Mjomba alifunga karakana siku tatu, akapanda basi mpaka Yangon kwenda kumtazama akikaa benchi dakika zote tisini. Aliporudi alitusimulia lile benchi kama vile alimwona amefunga mawili.

Kisha ikaja Februari ya mwaka 2021. Wanajeshi waliichukua nchi, walimu tukagoma, vijana wakaingia barabarani. Mwezi Machi Zwe alipigwa risasi kwenye kizuizi cha mifuko ya mchanga karibu na soko. Thurein alikuja mbio kutoka Yangon, akalibeba jeneza upande wa kichwani. Wiki hiyohiyo akaandika kwenye Facebook kwamba hataivaa tena jezi ya taifa mpaka wanajeshi warudi kambini. Mjomba alimkumbatia pale barabarani, watu wote wakiangalia.

"Sasa nimebaki na wewe," alimwambia.

Majina ya walimu waliotafutwa yalipotolewa, langu lilikuwamo. Tukawaambia majirani kwamba nimevuka kwenda Thailand. Ukweli ni kwamba nilikuwa chumba cha nyuma, kwenye magunia ya mchele, nikitoka tu alfajiri kuosha vyombo vya biashara, kisha narudi ndani kabla mtaa haujaamka. Ligi ilikuwa imesimama. Thurein alikaa nyumbani, akimbebea Mama chungu cha mchuzi asubuhi na kukimbia peke yake kando ya mto mchana. Niliishi hivyo zaidi ya mwaka.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alikuja mgeni. Alikuwa mmoja wa wasimamizi wa timu ya taifa, mtu mpole mwenye miwani, ameleta kapu la zabibu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, na ukuta wetu hauzuii hata kikohozi.

"Ligi inarudi," alisema. "Na timu ya taifa inahitaji mshambuliaji. Yale uliyoandika, tumeshayasahau."

"Mimi sijayasahau, mkubwa."

"Sawa, sawa. Na mwalimu hajambo?"

"Mwalimu gani?"

"Dada yako. Si yuko Thailand?"

"Yuko Thailand."

"Vizuri. Maana kuna watu wanasema humwona hapa uani alfajiri anasugua bakuli. Mimi nawaambia, jamani, watu wana maneno. Mwalimu aliyesoma vile asugue bakuli?" Nilisikia kiti kikisogezwa. "Mazoezi yanaanza Jumatatu. Mama, asante kwa chai. Haya mazungumzo yabaki humu humu. Yakitoka nje, mimi sitaweza tena kuwazuia hao watu."

Alipoondoka nilitoka nyuma. Mama alikuwa anamenya vitunguu, kichwa chini.

"Usiende," nilimwambia Thurein. "Nitajisalimisha mwenyewe."

"Ili iweje, dada? Wakufunge wewe, halafu wakija tena wanitishie na Mama?"

"Basi nitaondoka."

"Utapitia wapi? Kituo cha kwanza tu cha ukaguzi wana picha yako." Alijaribu kutabasamu. "Ni mpira tu. Nitakimbia kimbia, nitarudi."

Jumatatu alikwenda Yangon. Picha yake akiwa mazoezini ilipotoka, mtaa haukupiga kelele. Watu waliacha tu kuja. Mama alitoka na chungu kimejaa, akarudi nacho kimejaa. Mwanamke mmoja, mteja wake wa miaka kumi, alisimama mbele ya meza, akanusa, akasema kwa sauti ili wengine wasikie, "Leo mchuzi unanuka buti za jeshi," akaenda zake. Kule Facebook walimwita mbwa. Mjomba aliligeuza benchi lake la kazi, akawa anatengeneza baiskeli ameipa nyumba yetu mgongo.

Ningewezaje kutoka nje kueleza kwamba huyu mdogo wangu anacheza ili mimi niendelee kuwa mahali ambapo tumeapa sipo?

Bao la nne lilikuja kwenye mechi yake ya pili baada ya kurudi timuni, uwanjani Yangon, jioni ya Jumapili. Mama na mimi tulitazama kwa simu, sauti tumeizima. Dakika ya sabini na kitu ilipigwa krosi kutoka kulia. Thurein alitangulia mbele ya beki, akaugusa mpira kwa nje ya mguu, ukaingia kwenye pembe ya mbali. Lilikuwa bao zuri kuliko yote aliyowahi kufunga. Wenzake wawili walimkimbilia. Yeye aliachia mikono ikaning'inia, akatembea mpaka kati ya uwanja akiangalia nyasi.

Nilingoja masufuria. Mtaa mzima haukutoa hata kikohozi, ila kwa jirani wa kushoto nilisikia televisheni ikizimwa.

"Limekubaliwa?" Mama aliuliza.

"Limekubaliwa, Mama."

Akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani, akainuka kwenda kuloweka samaki.

Mwezi uliofuata timu ilisafiri nje kwa mechi moja. Nilimpigia Thurein hotelini kwake.

"Bakia huko," nilimwambia. "Omba hifadhi. Usipande ndege ya kurudi."

"Na wewe?"

"Mimi nitajua la kufanya."

"Utajua nini, dada? Sokoni tu huwezi kufika." Nilisikia watu wakicheka nyuma yake. "Nikibaki huku, kabla sijalala watakuwa mlangoni kwenu. Usiniambie tena hayo maneno."

Akarudi.

Baada ya hapo sikuweza kuvumilia. Mchana mmoja wa jua kali, mtaa umelala, nilijipaka usoni thanaka nyingi, ule unga wa gome la mti ambao wanawake wa kwetu hujipaka, nikavaa kofia pana ya Mama, nikavuka barabara. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga lami tangu nijifiche. Mjomba alikuwa ameinamia gurudumu.

"Mjomba."

Hakushtuka. "Ingia ndani, wasikuone."

Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mwanafunzi aliyechelewa. Yeye aliendelea kukaza nyaya za gurudumu, moja baada ya nyingine.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba upo. Mimi naamka mapema kuliko wewe. Yule wa miwani alipokuja na kapu, na Jumatatu kijana akaondoka, unafikiri nilishindwa kuunganisha?"

"Basi kwa nini humsemeshi? Juzi alipokuja kumwona Mama alipita hapa, akasimama mbele yako!"

Akaweka spana chini.

"Namwelewa. Hata mimi, wangenipa nafasi ya kucheza mpira ili wamwachie Zwe, ningecheza hata kwa mikongojo. Lakini nikimwangalia Thurein amevaa ile jezi, namwona mwanangu golini. Nifanyeje, mwalimu? Niambie wewe uliyesoma. Nifanyeje?"

Nilivuka barabara kurudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye niliondoka. Sikumuaga Thurein, aliyekuwa Yangon, kwa sababu angenizuia. Mama alimwomba binamu yake mwenye lori, nikalazwa chini ya magunia ya vitunguu, na siku ya tatu nikavuka mto mdogo pale Myawaddy, maji yakinifika kiunoni. Kutoka Mae Sot, mji wa mpakani upande wa pili, nilimtumia Thurein ujumbe: "Nimefika kweli Thailand. Sasa uko huru." Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Alipoitwa tena, alikataa. Siku hiyo waliondoa jina lake kwenye timu ya taifa, klabu yake ikavunja mkataba, na nyingine zote zikaogopa kumchukua. Akarudi Mawlamyine kumbebea Mama chungu. Wateja walianza kurudi mmoja mmoja. Mjomba akawa anamwitikia salamu, basi.

Mwaka 2024 ikaanza kutekelezwa sheria ya kuandikisha vijana jeshini. Wachezaji wa timu kubwa walipata watu wa kuwaombea. Thurein alikuwa na miaka ishirini na saba na hakuwa mchezaji wa mtu. Nilimwambia akimbie, nikampatia jina la dereva. Dereva alipangwa kuja Alhamisi. Jumatano asubuhi walimchukua barabarani, bakuli za Mama zikiwa mikononi mwake.

Mama anasema Mjomba alitoka na spana yake, akalifuata gari mpaka kona akipiga kelele, "Huyo hana kosa! Huyo ni wangu!" Askari mmoja alimsukuma, akaanguka, wakaenda.

Thurein alinipigia simu mara moja tu, miezi minne baadaye, kwa namba nisiyoijua. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Huku wananijua, dada. Wananiita mchezaji."

"Unakula? Wamekupeleka wapi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Wamekupanga kufanya nini?"

"Mbele," alisema, na simu ikakatika.

Niliipiga ile namba siku nzima. Ilikuwa imezimwa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anasema habari za mpira au za vita. Hapa Mae Sot nafundisha hesabu watoto wa wakimbizi wenzangu, na simu yangu huwa naiweka mezani, mbele ya darasa, nikiwa nimeongeza sauti mpaka mwisho. Watoto wameshazoea. Ikilia hunyamaza wenyewe. Kwa kawaida ni Mama, anauliza kama kuna habari, na mimi namuuliza yeye.