Klabu Mbili na Radio Isiyosema

Mama Christa anasema hivi: siku ya alhamisi alikuwa anaanika nguo uani kwake, na radio ya jirani yake Papa Malachie, radio ambayo ina miaka mine haijatoa neno, ikakohoa, ikamwamkia, ikamuuliza habari ya mguu wake. Si kwamba alidhani. Alisikia na masikio yake mbili. Akamwambia fundi wa cherehani, na kwa fundi radio ilikuwa imeongeza neno juu ya viazi. Kufika jioni, pale kwenye robine ya maji, radio ilikuwa imetaja jina lake la ubatizo, jina la baba yake, na namba ya kadi yake ya uchaguzi.

— Na sauti ilikuwa ya nani? wakamuuliza.

— Ya mwanamuke. Muzungu, mais muzungu anayejua Kinande chetu.

Vagheni alikuwa pale robineni na bido lake la njano, akasikiliza yote bila kutikisa kichwa. Sauti ile aliijua. Ilikuwa yake. Kila alhamisi anakwenda kumsomea Papa Malachie barua za zamani za klabu, na anazisoma kama mtangazaji, puani kidogo, kwa sababu mzee anapenda vile. Angeweza kusema. Alijaza bido, akakaza kizibo, akaenda zake.

Alikuwa na sababu.

Klabu ya Wasikilizaji wa Butembo ilianza zamani, wakati radio moja ya ng'ambo ilikuwa inasema Kiswahili kila saa kumi ya jioni. Watu walikusanyika kwa Papa Malachie, wakasikiliza nusu saa, alafu wakaiandikia radio ripoti: sauti ina nguvu ngapi juu ya tano, fujo ngapi juu ya tano. Radio ilikuwa inawajibu, inawatumia kalenda. Walifika hata watu makumi ine, wengine wamekaa dirishani. Kisha watoto wao wakapata telefone, wao wenyewe wakapata telefone, na radio ile ikaona hivyo, ikahamia kwenye Internet. Hewani ikabaki shhhhh.

Papa Malachie hakukubali. Alisema radio imepumzika. Statuti, sheria ya klabu, inasema kila siku ya Mungu, yaani jumapili, saa kumi, watu wasikilize. Haisemi wasikilize nini. Basi walisikiliza shhhhh, na Vagheni, ambaye ndiye sekretere, akaandika ripoti: "Nguvu: ine juu ya tano. Fujo: hakuna, maana hakuna kitu cha kuvurugwa."

Vagheni alimaliza darasa la sita kule Kalunguta, masomo yakaishia pale. Sokoni mkono wake hauandiki kitu, unapanga nyanya. Ni katika chumba kile cha Papa Malachie tu anaitwa Madame Sekretere, na mtu mzima anavaa miwani ili asome alichoandika. Klabu ikifa, zitabaki nyanya.

Na klabu ilikuwa inakufa. Kipengele cha saba: siku tatu za Mungu zikifuatana bila sahihi tatu ndani ya rejista, klabu imekwisha, na radio yake inakwenda kwa klabu ndugu ya Beni. Watu wa Beni nao waliandika hivyo hivyo: wakitangulia wao, radio yao inakuja Butembo. Siku ile ya kuandika walicheka sana, kama bwana na bibi arusi wakisikia padri anataja kifo.

Msikilizaji wa tatu alikuwa Zorobabel. Alihamia Kayna kwa binti yake, na sasa anatuma tu ujumbe: "Niko pamoja na ninyi kwa telefone." Papa Malachie anakataa. Statuti inataka masikio ndani ya chumba. Siku mbili za Mungu zilikuwa zimepita na sahihi mbili mbili. Jumapili hii, baada ya ile alhamisi, ilikuwa ya tatu.

Saa tisa na nusu, Papa Mashaka, prezida wa klabu ya Beni, akashuka kwenye taksi na blanketi mpya mkononi. Ni msafirishaji wa mizigo, Mwislamu wa heshima, mtu asiyepoteza safari, na habari ya sahihi mbili mbili ilikuwa imemfikia.

— Ile blanketi ni ya nini? Papa Malachie akamuuliza.

— Ya njiani, ndugu yangu. Barabara iko na mashimo mingi.

— Ni weye utajifunika?

— Si miye, akasema, macho kwenye radio.

Wakakaa. Kila siku ya Mungu hawa wazee wawili wanapigiana simu, mmoja anasema kwake wako tisa, mwingine anasema kwake wako kumi na moja. Sasa Papa Mashaka alikuwa anahesabu viti, moja moja, kwa macho.

Alafu mlango ukafunguka, na watu wakaanza kuingia. Habari ya Mama Christa ilikuwa imezunguka vilima vyote. Waliingia wa kwaya, waliingia wa maombi, akaingia fundi na cherehani begani maana hakuwa na wa kumwachia. Vagheni alihesabu sitini na mmoja. Papa Mashaka akasukuma blanketi chini ya kiti na kisigino.

Vagheni hakukimbilia rejista. Anayetia sahihi ni yule aliyesikiliza tangu saa kumi mpaka dakika za mwisho, kabla rejista haijafungwa saa kumi na nusu kamili. Aliiweka tu mezani, na biki juu yake.

Saa kumi Papa Malachie akafungua radio.

Shhhhh.

Watu wote wakainua telefone.

— Anasema! mtu akalia nyuma.

— Anasema nini?

— Lingala!

— Muongo, ni Kinande. Anaita Mama Christa.

— Ananiita vipi? Mama Christa akauliza, naye amesimama karibu na radio kama mama wa arusi.

— Anasema "shhhh".

— Ni yeye. Ananiambia ninyamaze. Alijua vile niko na maneno mingi.

Wakapiga makofi. Dakika tano hazijaisha, mkubwa wa kwaya akaona video haiendi. Ukuta wa chumba kile ni mnene, rezo ya telefone haiingii. Akatoka uani. Wengine wakamfuata, alafu wote, na Mama Christa mbele yao. Pale nje video zikakwenda, zikarudi, na watu sitini na mmoja wakasimama wakisikiliza shhhhh ya telefone, kila mmoja ameweka volimi mpaka juu.

Vagheni akafika mlangoni.

— Batu ya Mungu, radio iko huku ndani! Mukuje, tafazali, ibaki dakika makumi mbili tu.

— Dada, tunasikia! Kwenye telefone inakuwa clair zaidi.

— Batu elfu moja banasikia sasa hivi, mwingine akasema. Kuko hata mumoja wa Belgique.

Na mkubwa wa kwaya akasogea dirishani kwa adabu, kofia mkononi:

— Papa Malachie, utusamehe. Upunguze kidogo radio yako. Inaharibu video.

Papa Malachie hakupunguza. Vagheni akarudi kukaa. Wakabaki watatu, yeye na wazee wawili, na viti.

— Yenu leo iko na nguvu ngapi? Papa Malachie akauliza.

— Yetu? Mbili. Tatu kama hakuna mvua. Papa Mashaka akapumua, akaongeza: Hii yenu ni tano, ndugu yangu. Hii ni shhhhh ya kweli.

— Na munasikilizaka bangapi? Hapana ya kwenye simu. Ya kweli.

Papa Mashaka akatazama mlango.

— Miye na dada yangu Hadjara, na termosi yake ya chai. Na Hadjara anasinzia.

— Weye uliniambia kumi na moja!

— Na weye tisa.

— Tokea lini muko babili?

— Tokea mwezi wa pili.

Vagheni akahesabu kwa vidole chini ya meza.

— Papa Mashaka, akasema polepole, donc ninyi mulishakufa?

— Tulishakufa, binti yangu.

— Na radio yenu?

— Ni ya Butembo.

— Na yetu, ikifika saa kumi na nusu?

— Ya Beni.

— Beni gani?

Wazee wakatazamana. Papa Malachie akafikiri mpaka mdomo ukabaki wazi.

— Yetu inakwenda Beni, akasema, alafu kwa kuwa Beni ilikufa, inarudi huku na ya kwenu. Alafu zote mbili zinakwenda.

— Blanketi ni moja, Papa Mashaka akasema.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika makumi mbili na nane. Vagheni alikuwa ameitazama muda wote, na aliona kitu ambacho wazee hawakukiona: tangu saa kumi, masikio ya watu watatu hayakutoka mule ndani. Akatia sahihi yake, polepole, na herufi zote. Akampa Papa Malachie, naye akatia. Kisha akageuza rejista, akaisukuma mbele ya Papa Mashaka. Alijua maana yake. Akitia, Butembo inaishi, radio ya Beni inakuja huku, na Hadjara anabaki na termosi yake na meza tupu. Alijua, na akaomba.

— Papa Mashaka, tafazali. Ukuwe wetu. Utie sahihi hapa.

Uani wakaanza video upya. Papa Mashaka akachukua biki, akatazama ncha yake. Alafu akainamisha sikio karibu kabisa na radio, na akainua kidole kimoja, wanyamaze, asikilize kwanza dakika zilizobaki.