Alama Moja ya Usawa

Britta aliliona kosa saa nne asubuhi, kahawa bado ya moto.

Programu ya kompyuta ya ofisi yao ndiyo iliyoongoza magari ya kuondoa theluji mjini Duluth. Tangu baridi ianze ilikuwa ikiruka mitaa mizima, na lawama zote zilimwangukia Orval, mkongwe wa ofisi aliyemfundisha Britta kazi. Wiki tatu mzee alipekua mistari ya programu aliyoiandika mwenyewe, asione kitu. Mwisho akaamini akili inamtoka, kama ilivyomtoka mama yake. Akaacha kazi, akaacha hata kuendesha gari.

Kumbe! Katika lugha ya programu, alama mbili za usawa huuliza: mtaa huu umefungwa? Alama moja haiulizi, inaamuru: ufungwe. Mtu alisahau kubonyeza mara ya pili, basi. Britta akaitaka kompyuta imtaje aliyeandika mstari ule. Ikamtaja yeye mwenyewe, mwezi wa Oktoba, na aliyeukagua na kuupitisha kabla haujatumika ni Orval.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo furaha ilimzidi aibu, maana mzee wake alikuwa mzima. Akampigia simu.

"Orval, huumwi chochote! Kosa ni langu. Leo hii nawaambia wote."

"Acha utani, binti."

"Haki ya Mungu." Akamsomea mstari wenyewe.

Mzee akaangua kicheko ambacho Britta hakuwa amekisikia tangu Krismasi. "Alama moja! Na walivyonisakama wale!"

Britta naye akacheka huku machozi yanamtoka.

"Ngoja kwanza," Orval akasema. "Nani aliukagua?"

"Wewe. Lakini achana na hayo, nani husoma? Badiliko la mstari mmoja, kila mtu anabonyeza 'sawa' anakwenda zake kula."

"Kila mtu. Mimi je? Umewahi kuniona nikipitisha kitu bila kusoma?"

Ofisi nzima ilikuwa ikimtania mzee kwa ukaguzi wake wa kobe.

"Siku ile ulikuwa na mafua," Orval akasema taratibu. "Nikajisemea, huyu leo anaweza kukosea. Nikausoma mara mbili, binti. Na alama niliziona mbili, palipokuwa na moja."

Akamshukuru kwa kupiga, akakata simu.