Neno la Ami Ubeid

Pale Mchafukoge, ukitaka kumfikishia mtu ujumbe hupigi simu. Unapita dukani kwa Ubeid, mzee wa majora ya vitambaa, unamwambia, mwambie fulani hivi na hivi. Na fulani akipita ataambiwa, neno kwa neno, hata kama ni baada ya wiki mbili. Watu wameacha pale funguo za nyumba, dawa za wagonjwa, hata majibu ya posa. Ubeid haandiki kitu. Miaka arobaini yuko kwenye kiti kile na hajaandika. Ukimpa kikaratasi cha kumkumbusha ananuna, anaona umemtukana.

Hayo yasemwe mapema, msije mkamdhania mzee wa watu ni mjinga. Si mjinga hata kidogo. Yaliyompata Huda yalitoka kwenye tabia hiyo hiyo ambayo mtaa mzima unaisifu, na ndiyo maana yanauma.

Huda alikuwa binti wa Muaz, mdogo wake Ubeid. Ndugu wale wawili waliendesha duka pamoja na kukaa jengo moja, Ubeid ghorofa ya kwanza, Muaz na mkewe Saadiya ghorofa ya pili. Huda alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma takwimu, mwaka wa mwisho huo. Katika ukoo mzima hakuna msichana aliyewahi kufika huko. Shangazi zake walipouliza kwa nini hajaolewa, Muaz alijibu: "Mwacheni amalize." Alijibu hivyo kila Idi, miaka mitatu, mpaka wakachoka kuuliza.

Muaz akafa mwezi wa pili, alfajiri ya Jumapili, moyo. Adhuhuri wakamswalia, kabla ya alasiri yuko kaburini. Mitihani ya Huda ilikuwa inaanza Jumatatu.

Sasa, chuo kina sheria zake. Kufeli si mwisho wa dunia, unarudia mtihani, wanaita sapu. Ukifeli sapu, kuna namna ya kulibeba somo mpaka mwaka unaofuata. Lakini kutotokea kabisa kwenye mtihani, bila kibali cha maandishi, hiyo ni habari nyingine. Unahesabiwa umetoroka, na aliyetoroka masomo yake yanakoma. Wanafunzi wanaita kudisko, na hulitaja neno hilo kwa kunong'ona. Mwenye dharura hupewa siku saba: ajaze fomu, mlezi atie saini, ipelekwe kwa mratibu wa mitihani, igongwe mhuri wa kupokelewa. Huda aliyajua yote hayo. Asubuhi ya Jumatatu, macho yamemvimba, alimtuma binti wa jirani akamtolee fomu ile kwenye duka la kopi. Akaijaza juu ya goti, huku mama yake yuko chumbani ndani ya eda, na sebuleni wanawake wanasoma Yasini. Akashuka nayo ngazi kumtafuta Ami Ubeid atie saini.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya jengo. Huda hakutoka. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, ndani ya mlango, akisubiri ami yake ageuke amwone. Na ndipo akamwona Dokta Rogath anaingia kutoa pole.

Dokta Rogath alikuwa mwalimu wa idara yao. Pia alikuwa mteja wa duka miaka kumi na moja, suti zake zote kitambaa kilikatwa na mkono wa Ubeid. Alivua viatu, akaketi mkekani, akapewa kahawa na sahani ya pilau ya msiba, akala. Kisha Ubeid akamsogelea. Walikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye ngazi, Huda alisikia kila kitu.

"Dokta, mtoto wa marehemu yuko kwenu. Ana mitihani leo na keshokutwa. Ndiyo hali unavyoiona."

"Mzee Ubeid," alisema Rogath, na mkono akamwekea begani, "mratibu wa mitihani pale idarani ni mimi mwenyewe. Usihangaike. Mwache mtoto amlilie baba yake. Hilo limefika."

Ubeid akageuka, akamwona Huda na fomu yake. Akaichukua, akaitazama kama mtu anayetazama kitambaa chenye doa, akaikunja mara mbili na kumrudishia.

"Limekwisha, mwanangu. Panda juu ukae na mama yako."

"Ami, wanataka karatasi. Na saini yako, na mhuri."

"Mtu mzima kakaa kwenye mkeka wa msiba wetu, kala chakula chetu, kanipa neno lake. Nimfuate na karatasi? Nimwambie simwamini?"

Huda angeweza kubishana. Usiku na mchana baadaye alijiuliza kwa nini hakubishana. Lakini baba yake alikuwa hajamaliza hata siku mbili kaburini, na ami ndiye baba sasa, na watu walikuwa wanatazama. Akapanda juu. Fomu akaitia kwenye droo ya kabati, chini ya leso za mama yake. Siku ya tatu ikasomwa hitima. Siku ya saba ikapita. Wiki iliyofuata akarudi chuoni, akafanya mitihani iliyobaki, na alipokutana na Dokta Rogath kwenye korido akamwamkia: "Shikamoo, Dokta." "Marahaba, pole sana," akajibu yule bwana, akapita zake. Huda akajua mambo yako sawa.

Matokeo yakatoka mwezi wa nne. Alikuwa dukani, anamsaidia Ubeid kukunja majora, akafungua simu. Masomo manne amefaulu, mawili kati ya hayo kwa alama za juu kabisa. Chini yake kumeandikwa kwa herufi kubwa kwamba masomo yamekomeshwa, ametoroka mitihani miwili.

Alimpigia Rogath. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena kesho yake, na kesho kutwa. Bwana yule ameingia mitini. Alipomfuata ofisini aliambiwa yuko kwenye kikao, na alipokaa mlangoni saa tatu nzima, akatoka kwa mlango mwingine. Mwalimu mzima, na tai shingoni, anamkwepa mtoto aliyefiwa.

Kuna siku kumi na nne za kukata rufaa. Safari hii Huda hakumwachia mtu. Aliandika mwenyewe, akatoa nakala tatu, akasimama dirishani mpaka mhuri ukagongwa mbele ya macho yake. Wiki ya tatu akaitwa mbele ya kamati, aje na mlezi wake.

Ubeid alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la marehemu nduguye. Njia nzima alikuwa kama mwenye furaha. "Leo litakwisha," alimwambia Huda. "Dokta akiniona tu atakumbuka. Ana mambo mengi yule."

Kamati ilikuwa ya watu watano, mwenyekiti Profesa Benedikta, mwanamke mwenye nywele za mvi na sauti ya upole. Na pembeni, kama mratibu wa mitihani, ameketi Rogath, ndani ya suti ya kijivu. Huda aliijua suti ile. Kitambaa chake alikuwa amekikunja yeye.

Profesa Benedikta hakuwa mtu mbaya, lazima isemwe. Alisoma faili lote. Alisema alama za Huda ni za kujivunia. Kisha akaeleza wazi, taratibu, ili hata Ubeid aelewe: sheria inataka maandishi ndani ya siku saba, na maandishi hakuna. Lakini kama mratibu aliarifiwa kwa mdomo ndani ya siku hizo, kamati ina nafasi ya kulihesabu jambo hili kuwa dharura, na binti atafanya mitihani yake miwili mwezi wa tisa. Yote yalitegemea neno hilo.

"Dokta Rogath, uliarifiwa?"

Rogath akajikohoza. "Nilikwenda kumpa pole mzee, hilo ni kweli. Habari ya mitihani, kusema kweli, sikumbuki kama tuliizungumza."

Wala hakupepesa macho. Angekubali, angeulizwa kwa nini taarifa ilimfikia na hakuifikisha, na mwaka ule alikuwa anangoja kupandishwa cheo. Basi ndiyo hivyo, akajikausha.

"Aliambiwa," alisema Huda. "Nilikuwa ngazini, nilisikia mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyekata rufaa, binti, huwezi kujishuhudia," alisema Profesa, si kwa ukali. Akamgeukia mzee. "Mzee Ubeid, wewe ni shahidi. Ulimwambia Dokta habari ya mitihani ya huyu mtoto? Una hakika? Sema ndiyo au siyo, nitaandika unavyosema."

Huda alishusha pumzi. Kwa ami yake hakuwa na wasiwasi. Mtu asiyesahau salamu za posa za miaka ishirini atasahau hili?

Ubeid alimtazama Rogath. Alimtazama muda mrefu, na Rogath akatazama meza. Mzee akaiona aibu ile, aliiona vizuri kuliko wote mle ndani. Mtu mzima mwenzake, aliyekula kwenye mkeka wa msiba wa ndugu yake, yuko mbele ya wakubwa zake, na neno moja tu litamvua nguo. Maisha yake yote Ubeid hajamwambia mgeni wake kwamba ni mwongo. Hajui linasemwaje.

"Siku zile nilikuwa na msiba, mama," alisema, na sauti ikamshuka. "Huenda nilichanganya."

Profesa Benedikta aliishika kalamu bila kuandika, kama anampa nafasi ya pili. Mzee hakuichukua. Profesa akaandika.

Huda hakulia mle ndani. Alimsikia Profesa akisoma kwamba rufaa imekataliwa, na kwamba mwombaji anaweza kuomba upya baada ya mwaka mmoja, aanze mwaka wa kwanza. Alimsikia ami yake akisema ahsante. Akamwona, jamani, akimpa Rogath mkono mlangoni.

Walishuka basi kituo cha Gerezani, wakatembea mpaka walipofika kwenye mafundi wa vipuri. Hapo Huda akasimama.

"Kwa nini, Ami?"

"Nilimsitiri," alisema Ubeid. "Ningemuumbua mbele za watu. Nilidhani nikimsitiri ataona haya, aseme mwenyewe."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Umemsitiri yeye, Ami. Mimi umeniacha na nini?"

Mzee alijaribu kumshika mkono, Huda akauondoa, ndiyo mara ya kwanza maishani mwake. Nyumbani Saadiya alikuwa bado ndani ya eda, mwezi mzima na zaidi umebaki, hawezi hata kwenda chuoni kupiga magoti. Alipoambiwa aliifungua droo, akaitoa fomu chini ya leso zake, akaisoma yote, mpaka pale palipoandikwa saini ya mlezi, patupu. Akairudisha mahali pake. Na tangu siku ile chakula cha Ubeid alikipeleka kwa mkono wa mtu mwingine.

Huda akawa mtu wa dukani. Shangazi zake wakaanza tena kuuliza habari ya kuolewa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuwajibu.

Mwezi wa kumi na moja, wiki moja kabla ya mahafali ambayo yangekuwa yake, Rogath akaingia dukani. Miezi yote ile hakuonekana. Amenenepa kidogo, cheo amekipata. Akasalimia kwa furaha, kana kwamba hakuna lililotokea. Ubeid alikuwa kwenye kiti chake, akaitikia bila kuinuka, wala hakuagiza kahawa. Mzee alikuwa amekonda mwaka ule, na watu walikuwa wameanza kuona kwamba salamu nyingine hazifiki.

Rogath alipapasa jora la sufu nyeusi, akalipenda. "Ya mahafali hii. Huda, mambo? Nikatie mita tatu na nusu, niwekee pembeni. Nitapitia Ijumaa."

Huda hakushika mkasi. Alikuwa amelingoja tukio hilo miezi sita, amepanga maneno makali, na sasa yote yamemkauka. Ilikuwa sauti ya ami yake iliyosema.

"Mpe karatasi."

Rogath akacheka. "Karatasi ya nini, Mzee Ubeid? Leo hatuaminiani?"

"Mpe karatasi aandike," alisema mzee, hakumtazama. "Jina lake, kitambaa anachotaka, na tarehe. Atie na saini."

Kulikuwa na wateja wengine wawili dukani, wakageuka. Rogath akayaona macho yao, na uso wake ukabadilika rangi. Huda akachana ukurasa kwenye daftari la chuo lililobaki kwenye mkoba wake, akausogeza mezani pamoja na kalamu. Mtu yule akaandika, kwa haraka, akasaini, akatoka bila kuaga.

Huda alidhani moyo utapoa. Haukupoa. Akamgeukia ami yake, na mzee alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, anaisoma herufi moja moja kama mtoto wa madrasa, na machozi yanamshuka.

"Ni jambo jepesi kumbe," alisema.

Huda akauchukua mkasi, akaanza kupima mita tatu na nusu.