Kibofu Kilichopona

Fundi cherehani alikuwa na sheria moja: akianza mshono, hainuki mpaka aumalize. Gauni ukiliacha katikati, alisema, unalirudia kwa mkono mwingine. Sheria hiyo ilimletea wateja, na ndiyo iliyomuunguza kibofu.

Nesi aliwaambia fundi na mdogo wake siku ya dripu ya kwanza: "Dawa hii inapigana na uvimbe wa shingoni, lakini ikitoka mwilini inapitia kwenye kibofu. Kunywa maji mengi, uende chooni kila mara. Isikae humo."

Fundi akaitikia vizuri. Kufika nyumbani akaketi kwenye cherehani, jagi la maji likabaki limejaa.

"Dada, kunywa basi."

"Nikinywa nitainuka. Nikiinuka, bibi harusi wa watu ataolewa na mshono kombo. Utakwenda kumwambia wewe?"

Mdogo mtu akacheka. Dada yake kichwa kigumu, mdomo mtamu, utamfanya nini?

Haukupita muda, akamsikia akilia chooni. Mkojo ulikuwa mwekundu kama maji yaliyolowekewa kitambaa kinachochuja rangi.

Hospitalini daktari alisimamisha dawa. "Ngozi ya ndani ya kibofu imebanduka. Lakini itaota tena. Chini yake kuna chembe hai changa, zimetulia tu. Juu kukibaki wazi zinainuka, zinazaliana, zinafunika palipochubuka."

"Kumbe ndani yangu kuna fundi anayejua kuinuka," mgonjwa akasema, na hata daktari akatabasamu.

"Na uvimbe, daktari?" mdogo mtu akauliza.

Tabasamu likaisha. "Dripu haiwezi kurudi mpaka kibofu kipone. Tuombe uvimbe nao usubiri."

Basi wakangoja. Kila asubuhi mdogo mtu aliinua chupa ya mkojo dirishani, penye mwanga. Mwekundu. Kisha wa waridi. Kisha kama chai ya rangi iliyozidishiwa maji. Fundi sasa alikunywa bila kuhimizwa, akawa anaacha mshono katikati na kupita mbele ya mdogo wake akijishaua: "Nitazame, nimeinuka!"

Mdogo mtu alimtazama, tena sana. Aliona chupa ikitakata, na aliona jambo jingine ambalo hawakulisema: dada yake alikuwa anafumua kola za blauzi zake na kuzipanua. Alianza na moja. Mwishowe akazikata kola zote.

Siku ya kipimo, daktari aliingiza kamera kibofuni, akaangalia kwa muda mrefu. "Kimepona. Ukikiona utasema hakijawahi kuugua." Kisha akamshika fundi shingoni, vidole vikatulia.

Dripu ilirudishwa siku hiyohiyo. Lakini uvimbe haukuwa umesubiri. Ulikuwa umeshaanza kuifunga njia ya pumzi, na kabla wiki haijaisha fundi akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Baada ya mazishi, mdogo mtu aliingia chumba cha kushonea. Gauni jeupe lilikuwa bado chini ya sindano, mshono umeishia kiunoni. Akanyoosha mkono kuliondoa jagi, akajikaza, maana alilizoea zito.

Likainuka jepesi. Dada yake alikuwa ameyanywa maji yote.