Jibu la Mlangoni

Mtaa ule ulikuwa na jibu moja la mlangoni. Akibisha mgeni mwenye kitambulisho shingoni, akauliza nyinyi ni kabila gani, unamwambia: "Sisi ni kama majirani zetu." Basi, umemaliza. Watoto walilijua jibu hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Lilianzia kwa mababu, ambao siku moja walisema ukweli wakaamka hawana mashamba. Tangu hapo lugha yao ikawa ya ndani, kama nguo ya kulalia. Ukivuka kizingiti, unaiacha.

Sasa sikia uongo ulivyowageuka. Sensa iliyopita mtaa mzima ulijibu vile vile, wote wakaandikwa kabila kubwa la mji, na serikali ikatangaza kwamba kabila lao halina mtu mjini hata mmoja. Hata mmoja! Na watu wenyewe wamejaa pale hadi vibarazani.

Fundi Geti hakulijali hilo mpaka mama yake alipougua. Fundi Geti ni mwanamke, tuelewane mapema, maana kila siku kuna mtu anaingia karakana na kumuuliza fundi yuko wapi, naye amesimama mbele yake na barakoa ya kuchomelea usoni. Siku mama anazidiwa, yeye alikuwa juu ya paa la watu anaunga vyuma. Aliyempeleka mgonjwa hospitali ni mume wake, mshona viatu, mtu mwema hana neno, lakini ni wa kabila kubwa, na lugha ya mkwewe anajua kusalimia tu. Mama akaeleza maumivu yake yote kwa lugha pekee aliyo nayo. Daktari akamtazama, akampa dawa ya tumbo. Kumbe ni figo. Nusura wamzike.

Fundi alipokwenda kudai mkalimani, ofisa wa hospitali akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe.

"Wakalimani tunapewa kufuatana na sensa, mama. Watu wa lugha hiyo hapa mjini hawapo."

"Na mimi ninayekufokea ni nani, jini?"

"Mimi naongelea takwimu, mama."

Alirudi nyumbani hasemeki. Ugonjwa ule ni wa kurudi rudi. Mama atalazwa tena na tena, na wodini ndugu haruhusiwi kulala. Ataomba maji usiku na hakuna atakayemwelewa.

"Liwalo na liwe," akamwambia mumewe. "Sensa hii inayokuja watatuhesabu, watake wasitake."

Karani wa sensa alipofika alikuwa binti mwenye kishikwambi mkononi na viatu vinavyombana. Walimkaribisha sebuleni. Alipouliza mkuu wa kaya ni nani, macho yake yalimwendea mume moja kwa moja.

"Usinitazame mimi, mwanangu," mume akasema. "Mimi hapa hata kubadilisha chaneli ya televisheni naomba ruhusa. Mkuu ni huyo."

Binti akacheka, akaandika. Walipofika kwenye kazi, kidole chake kikaelekea "mama wa nyumbani."

"Hebu ngoja kwanza." Fundi akainua barakoa yake ya chuma. "Hii unadhani naipikia?"

"Samahani, mama. Mazoea."

"Mazoea ndiyo yaliyotufikisha hapa. Andika fundi wa kuchomelea, mwenye karakana yake."

Likaja kabila. Binti akaipitia orodha juu hadi chini, akarudi tena juu.

"Halimo, mama. Nitaweka Mengineyo."

"Mengineyo ni makombo, mwanangu. Mimi nimezaliwa na mtu."

"Nafasi ya kuandika jina ipo, ila msimamizi wetu ametukataza kuijaza. Anasema inatuchelewesha."

"Basi kifunge hicho chombo. Usinihesabu kabisa. Mwambie msimamizi wako aje mwenyewe. Kiti nitampa, na jina nitamtajia mpaka aliote."

Binti alitazama mlango, akatazama ile mikono ya Fundi yenye makovu ya cheche, akatazama kishikwambi chake. Kibarua alikihitaji, na msimamizi alimwogopa. Mwisho akashusha pumzi.

"Nitajie herufi zake pole pole. Akigomba, na agombe."

Fundi akamtajia. Jina likaandikwa.

Akabaki mama, aliyekaa karibu na dirisha na shuka miguuni. Karani akauliza, Fundi akatafsiri. Na yule mama, bila hata kufikiri, akalitoa jibu kwa lugha ya wengi, maneno pekee ya lugha ile aliyowahi kujifunza:

"Sisi ni kama majirani zetu."

Loo! Fundi alijiona amepigwa kofi na mama yake mwenyewe. Na kidole cha karani kilikuwa tayari kinalifuata kabila kubwa.

"Mama!" Fundi akapaza sauti kwa lugha yao, na dirisha liko wazi. "Wewe ndiye wa kusema hivyo?"

"Shusha sauti. Watasikia nje."

"Wasikie! Nimechoka kunong'ona kama mwizi nyumbani kwangu."

"Baba yangu aliusema ukweli mlangoni. Ukampa nini? Tulilala porini."

"Najua, mama. Lakini alikufa watu wanajua ni nani. Wewe ulilala hospitali unalia, na wenye makoti meupe wakakutazama kama unabweka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikubali nije kukuzika kama jirani." Fundi alikuwa analia, wala hakujificha.

Mama hofu haikumtoka, akalitazama kwanza lile dirisha lililo wazi. Kisha akanyoosha mkono, akausukuma mkono wa karani kutoka kwenye kioo, akalitaja jina la watu wake. Hakuwahi kulitaja mbele ya mgeni maisha yake yote. Mara ya kwanza alilinong'ona. Kisha akalirudia kwa nguvu.

Karani akaandika.

"Sasa huyu anakwenda wapi?" mama akauliza.

"Nyumba ya pili," Fundi akajibu.

"Nipe fimbo yangu."

Wakatoka wote, mume amemshika mkwewe kiwiko. Nyumba ya pili alikaa shoga yake mama wa tangu usichana, kabila moja, lugha moja, mwoga kuliko wote mtaani. Karani akapiga hodi. Hajauliza lolote, sauti ikatoka ndani kwa lugha ya wengi:

"Sisi ni kama majirani zetu!"

Mama akaupiga mlango kwa fimbo, akaita kwa lugha yao, pale pale barabarani, watu wote wanasikia:

"Jirani yako ni mimi, shoga! Na mimi nimeshasema! Fungua!"